Mbwa wa Belfast na wajibu wa wenye mamlaka

Imepita zaidi ya miaka kumi tangu Halmashauri ya Jiji la Belfast, huko Ireland ya Kaskazini, ilipomuua mbwa mmoja wa nyumbani aliyeitwa Lennox. Mbwa huyo hakuwa ameuma mtu. Hata hivyo kifo chake kilizusha zogo kubwa lililovuka bahari na kuwafikia watu wasioijua Belfast hata katika ramani, na mpaka leo jina lake hutajwa kila panapozuka mabishano juu ya mamlaka ya dola kwa mnyama wa mtu.

Huenda msomaji akauliza: gazeti la visiwani lina haja gani na mbwa wa Ulaya? Haja ipo. Ndani ya mkasa ule limo swali linalowahusu viongozi na wananchi wa Unguja na Pemba kama linavyowahusu watu wa Belfast, nalo ni hili: pindi wenye mamlaka wanapokuwa na sheria mkononi na nia njema ya kuwalinda watu, je, hayo mawili yanatosha kuwapa ruhusa ya kuingia katika nyumba ya mwananchi na kuondoa uhai wa mnyama wake? Jawabu letu ni kwamba hayatoshi. Panahitajika pia ushahidi wa kitendo, na panahitajika maelezo ya wazi. Penye upungufu wa haya, dola huweza kushinda mahakamani na huku ikapoteza kitu kilicho kikubwa zaidi, yaani imani ya watu wake.

Kwanza tuueleze mkasa wenyewe. Mnamo mwezi wa Mei 2010 maofisa wa Halmashauri wanaoshughulikia mbwa walifika katika nyumba ya familia moja mjini humo. Mbwa wa nyumba ile alipimwa kwa futi kamba, na vipimo vyake vikaonekana kulingana na vya mbwa wa namna ya pit bull terrier, ambaye kumfuga kumepigwa marufuku na Amri ya Mbwa wa Hatari ya Ireland ya Kaskazini ya mwaka 1991. Lennox akachukuliwa. Familia ilijitetea kwamba mbwa wao ana leseni, kwamba amehasiwa, na kwamba hajapata kumdhuru yeyote. Hakuna aliyejitokeza kudai kwamba aliumwa naye.

Mwaka 2011 hakimu aliamuru mbwa huyo auawe. Familia ikakata rufaa, na ndani ya mwaka huo huo ikashindwa. Ikapanda tena hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo mwezi wa Juni 2012 ililitupa shauri hilo. Tarehe 11 Julai 2012 amri ikatekelezwa. Kwa muda wote huo, yaani miaka miwili na zaidi, mnyama alikaa amefungiwa mikononi mwa Halmashauri, mbali na watu waliomlea.

Mahakamani wataalamu walitofautiana. Yule aliyetegemewa na Halmashauri, mtu mwenye uzoefu wa mbwa wa polisi, alimweleza Lennox kuwa miongoni mwa mbwa wasiotabirika na wa hatari zaidi aliowahi kukutana nao. Wataalamu wa tabia za mbwa walioletwa na upande wa familia walisema kinyume chake, kwamba hawakuona kwake dalili ya ukali wa kumhofisha mtu. Majaji hawakuridhika kwamba umma ungekuwa salama kama angerudishwa, na kwa hiyo hawakuuondoa uamuzi wa awali.

Nje ya mahakama upepo ulivuma upande mwingine. Zaidi ya watu 200,000 walitia saini ombi la kutaka mbwa yule asiuawe. Walitokea watu wa nchi nyingine waliojitolea kumchukua na kumtunza kwa gharama zao. Hata Waziri Kiongozi wa Ireland ya Kaskazini wa wakati huo, Bwana Peter Robinson, alizungumza na Meya wa Belfast na kushauri kwamba njia ya kumhamishia mahali pengine iangaliwe. Halmashauri ilishikilia kwamba amri ya mahakama ni amri, na haikutetereka.

Yafaa tutamke bayana kwamba katika kadhia hii wananchi nao walikuwa na makosa yao. Watumishi wa Halmashauri walitishwa na kutukanwa, na baadhi yao waliishi kwa hofu kwa sababu tu ya kutimiza kazi waliyotumwa. Jambo hilo ni ovu, wala halina udhuru. Mtu anayedai huruma kwa mnyama huku akimtisha binadamu mwenzake na wanawe ameipoteza hoja yake kabla hajaisema. Karani wa idara hakutunga sheria. Anayetaka sheria ibadilike awaendee waliopewa kura ya kuitunga.

Baada ya kusema hayo, ni haki pia tuupime upande wa Halmashauri kwa mizani iliyo sawa. Wajibu wa kwanza wa mamlaka yoyote ni usalama wa watu. Mbwa mwenye nguvu aweza kumlemaza mtoto kwa muda wa dakika moja, na hapana mzazi atakayefarijika kwa kuambiwa baadaye kwamba mbwa alikuwa na jina zuri na alilala mlangoni kwa upole. Ofisa anayejua kwamba kuna hatari, akanyamaza kwa kuogopa kelele za watu, naye ana hatia. Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba dola haina haki ya kuua mbwa. Inayo. Mbwa aliyemshambulia mtu bila ya kuchokozwa, na ambaye mwenyewe hawezi kumdhibiti, anaweza kuondolewa, na mara nyingine lazima aondolewe. Tunachouliza ni jinsi haki hiyo inavyotumiwa.

Kasoro ya kwanza katika mkasa wa Belfast ilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Sheria ile haikuanza kwa kuuliza mbwa amefanya nini. Ilianza kwa kuuliza anafanana na nini. Asili yake ni mwaka 1991, pale Uingereza ilipotikiswa na mfululizo wa mashambulizi ya mbwa, mojawapo likiwa la mtoto wa kike wa miaka sita aliyejeruhiwa vibaya mjini Bradford mwezi wa Mei. Magazeti yalipaza sauti, Bunge likaitikia, na kufikia mwezi wa Agosti mwaka huo huo sheria mpya ya mbwa wa hatari ilikuwa imekwisha kuanza kutumika. Namna nne za mbwa zilipigwa marufuku: pit bull terrier, tosa wa Japani, dogo Argentino na fila Brasileiro. Ireland ya Kaskazini nayo ikawekewa amri yake yenye msingi ule ule.

Sheria iliyozaliwa kwa haraka ya namna hiyo ilikuwa na ugumu wa tangu kuzaliwa. Pit bull si mbegu yenye daftari la ukoo ambalo hakimu aweza kulifungua na kusoma. Kwa hiyo sheria ikatumia neno pana zaidi, ikazungumzia mbwa wa namna hiyo, na maana yake ikawa ni umbo: upana wa kichwa, urefu wa mguu, unene wa shingo. Mbwa chotara, ambaye mama yake na baba yake wote ni halali, aliweza kuzaliwa na vipimo vya mbwa aliyeharamishwa. Na jirani yake mwenye umbo linalokubalika, hata kama ana tabia ya kurukia watoto, hakuguswa na kifungu hicho.

Ubaya wa jambo hili si kwa mbwa peke yake. Wananchi wa mahali popote huielewa sheria inayoadhibu tendo, maana kila mtu aweza kujizuia asitende. Sheria inayoadhibu umbo haieleweki hivyo, kwa kuwa hapana awezaye kujizuia asifanane. Ndiyo maana Uingereza yenyewe ililazimika kuirekebisha sheria hiyo mwaka 1997 ili mahakama ziwe na hiari ya kumwachilia mbwa ambaye si tishio kwa umma, kwa sharti kwamba ahasiwe, afungwe ugwe na kuzibwa mdomo awapo njiani. Ireland ya Kaskazini ilifuata njia hiyo mwaka 2011.

Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi. Uholanzi ilipiga marufuku pit bull mwaka 1993. Baada ya miaka kumi na mitano hivi iliiacha marufuku hiyo, kwa sababu idadi ya watu wanaoumwa haikuonekana kupungua kwa ajili yake. Italia ilikuwa na orodha ya mbwa wa hatari, na mwaka 2009 ikaiondoa na kuutupa mzigo wote juu ya mwenye mbwa, awe mbwa wake ni mkubwa au mdogo. Katika mji wa Denver, Marekani, wapiga kura waliiondoa mwezi wa Novemba 2020 marufuku iliyodumu tangu mwaka 1989.

Lakini tusidhani kwamba shauri hili limekwisha kuamuliwa. Uingereza, baada ya vifo kadhaa vilivyosababishwa na mbwa wakubwa waitwao XL Bully, iliwaongeza hao katika orodha yake. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ilikatazwa katika England na Wales kuwauza au kuwazalisha, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 likawa kosa kumfuga mmoja wao bila ya hati ya msamaha. Wanaoiunga mkono hatua hiyo wanasema kwamba ukubwa na nguvu za mnyama ni sehemu ya hatari yake, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Fundisho tunaloliona sisi ni jingine. Miaka thelathini na miwili baada ya sheria ya kwanza, iliyotarajiwa kuwamaliza mbwa wa hatari, wafugaji wasiojali walikuwa wamepata mbwa mwingine ambaye jina lake halikuwamo katika orodha. Orodha humfukuza mbwa. Humwacha mfugaji mbaya pale pale alipokuwa.

Kasoro ya pili ya Belfast ilikuwa katika mwenendo, na hii ndiyo iliyowasha moto zaidi. Familia ilieleza kwamba iliomba kumwona mbwa wake kwa mara ya mwisho na ikakataliwa. Hatua ambazo huwagharimu wakuu wa idara saa moja tu ya wakati wao ndizo zilizokosekana, na ukosefu wake ukawapa watu sababu ya kuamini kila uvumi. Mahakama tatu zilikuwa zimekubaliana na Halmashauri, lakini mbele ya macho ya umma Halmashauri ilionekana kama mshitakiwa. Uamuzi ambao huenda ulikuwa halali ukapokewa kama ukatili, kwa sababu namna ya kuutekeleza haikuwa na utu.

Kuna mfano mwingine unaotuonyesha kwamba njia huwa zaidi ya moja. Mwezi wa Oktoba 2014, wakati maradhi ya Ebola yalipokuwa yakiua maelfu ya watu katika Afrika ya Magharibi, wauguzi wawili waliambukizwa walipokuwa wakiwahudumia wagonjwa, mmoja mjini Madrid na mwingine mjini Dallas. Kila mmoja alikuwa na mbwa nyumbani. Katika miji yote miwili watawala walikabiliwa na swali moja: je, mbwa aliyeishi na mgonjwa aweza kuwa hatari kwa umma?

Utawala wa mkoa wa Madrid uliamua kumuua mbwa wa muuguzi wao, aliyeitwa Excalibur. Mume wa muuguzi, aliyekuwa amewekwa karantini hospitalini, alitoa wito kwa umma akiomba mnyama huyo anusuriwe. Watu zaidi ya 300,000 walitia saini. Waandamanaji walikusanyika mbele ya nyumba na kukabiliana na polisi. Mbwa aliuawa tarehe 8 Oktoba bila ya kupimwa kwanza kama ana vijidudu vya maradhi hayo. Mjini Dallas mbwa wa muuguzi, aliyeitwa Bentley, alitengwa mahali pake, akahudumiwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, akapimwa, akaonekana hana maradhi, na baada ya siku 21 akarudishwa kwa mwenyewe aliyekuwa amekwisha kupona.

Tukubali kwamba si kila mji una uwezo wa Dallas, na kwamba watawala wa Madrid walikuwa katika hofu ya haki. Lakini tofauti ya miji hii haikuwa ya fedha tu. Mmoja uliuliza, kabla ya kuua, kama kuna njia nyepesi zaidi ya kuufikia usalama ule ule. Mwingine haukuuliza, au kama uliuliza haukuwaonyesha watu kwamba umeuliza. Huo ndio mpaka kati ya uamuzi mgumu na uamuzi wa pupa.

Sasa na tuyatazame ya kwetu. Wako watakaosema kwamba mbwa katika visiwa hivi hana hadhi ya kubishaniwa hivyo. Ni kweli kwamba wengi wetu, kwa kuyafuata madhehebu ya Imamu Shafi, tumefundishwa tangu chuoni kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini chuo kile kile kilitufundisha kwamba mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Kilitufundisha kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa madhambi yake; na kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Unajisi ni hukumu ya tohara. Haukuwa kamwe ruhusa ya dhuluma.

Isitoshe, mbwa wa visiwani ana kazi. Wasasi hawaingii msituni kumsaka nguruwe bila ya mbwa, na mkulima ambaye muhogo wake huliwa na nguruwe na kima anajua thamani ya mnyama anayebweka usiku. Kumuua mbwa wa mtu wa namna hiyo bila ya sababu ya kutosha ni kumpunguzia riziki.

Na hapa tunafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba asilimia 99 ya maambukizo kwa binadamu hutokana na mbwa. Watoto ndio huathirika zaidi. Dalili zikishadhihiri kwa mgonjwa, kupona ni muhali. Kinga ipo, tena inajulikana: wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, maradhi hukosa njia ya kupita.

Pemba ni ushahidi wa jambo hili mbele ya dunia. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliyaondoa maradhi hayo kisiwani mnamo mwaka 2014. Mwaka 2016 yakarudi kutoka nje ya kisiwa, yakaleta vifo na hofu. Chanjo zikaongezwa nguvu, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2018 yakaondolewa tena. Watafiti waliyachapisha matokeo haya mwaka 2023 kama mfano wa kuigwa. Ushindi huo haukuletwa na bunduki wala sumu. Uliletwa na watu waliomfunga mbwa kamba na kumpeleka wenyewe, kwa hiari yao, mahali alipokuwa akingoja bwana mifugo na sindano yake.

Visiwa vingine vilijaribu njia tofauti, na malipo yake yalikuwa machungu. Katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997 pamoja na mbwa watatu walioletwa kwa chombo cha baharini. Watawala waliamuru mbwa wauawe kwa wingi, na wakauawa kwa wingi kweli. Hata hivyo maradhi yalienea kisiwani. Katika kisiwa cha Bali, yalikoingia mwaka 2008, kuua mbwa nako hakukuyazuia, mpaka ilipoanzishwa chanjo ya kisiwa kizima. Sababu si ngumu kuielewa. Mwenye mbwa anaposikia kwamba wauaji wanakuja, humficha mnyama wake, au humhamishia kijiji kingine kwa jamaa, na maradhi husafiri pamoja naye. Na anayeuawa upesi mara nyingi ni yule aliyezoea watu, ambaye pengine amekwisha kuchanjwa.

Hapa ndipo Belfast inapokutana na Pemba. Mwananchi akiamini kwamba ofisa akimwona mbwa wake atamuua bila ya kuuliza, hatampeleka kwenye chanjo. Akiumwa mtoto, jirani atauficha ukweli ili mbwa asichukuliwe, na mtoto atacheleweshewa sindano ambayo ingemwokoa. Imani ya watu kwa idara ya mifugo ni sehemu ya dawa yenyewe, na ikishapotea hainunuliki kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Tunawashauri wahusika, kuanzia masheha na mabaraza ya miji na wilaya hadi wakuu wa idara, wayazingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, mbwa ahukumiwe kwa tendo lake na kwa hali yake ya afya, wala si kwa rangi, ukubwa au sifa ya mwenyewe katika mtaa. Malalamiko ya jirani mmoja aliyegombana na mwenye mbwa yasiwe hukumu mpaka yachunguzwe.

Pili, mbwa aliyeuma mtu, ikiwa yu mzima na anaweza kufungwa salama, atengwe na kuangaliwa kwa muda wa siku 10 kama wataalamu wanavyoelekeza. Kama ana kichaa, dalili zitaonekana au atakufa ndani ya muda huo. Huku akiangaliwa, aliyeumwa asingojeshwe hata kidogo: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali. Na kama mbwa amekufa au imelazimu kumuua, kichwa chake kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Watu wanaomkimbilia mbwa kwa marungu na mawe mara nyingi huuharibu ushahidi ambao daktari angeuhitaji.

Tatu, ukiondoa hatari ya papo kwa papo, mwenye mbwa apewe amri kwa maandishi, yenye sababu, jina la ofisa na muda wa kulalamika. Muda huo uwe mfupi. Miaka miwili ya kumfungia mnyama bandani, kama ilivyokuwa Belfast, haikuwa rehema kwa mbwa wala kwa familia, wala haikuwapa umma usalama zaidi.

Nne, ikithibitika kwamba hapana njia nyingine, basi kazi hiyo ifanywe na mjuzi, kwa namna isiyomtesa mnyama, wala isifanywe mbele ya watoto. Mwenyewe aambiwe kwa lugha ya heshima. Akitaka kumwona mbwa wake kabla ya kuuawa, na kama hapana hatari ya maradhi, aruhusiwe.

Tano, mzigo uwe juu ya mwenye mbwa. Anayefuga na achanje, na afunge usiku na mchana pale inapopasa. Na mbwa wake akimdhuru mtu, alipe gharama za matibabu na kujibu mbele ya sheria. Tungependa kuona mfugaji mzembe akitozwa faini kabla mtoto hajaumwa kuliko kuona mbwa akipigwa risasi baada ya mtoto kuumwa.

Kwa wananchi nao tuna neno. Ofisa anayekuja kwa ajili ya mbwa wako hakuja kwa uadui. Mweleze, mwonyeshe kadi ya chanjo, dai haki yako kwa njia zilizowekwa, na hukumu ikitoka dhidi yako ipokee bila ya vitisho. Usimfiche mbwa aliyeuma mtu. Kumficha ni kuiweka roho ya mtu rehani.

Wako wanaosema kwamba taratibu hizi ni anasa ya nchi tajiri. Sisi tunaona kinyume. Kuandika amri ya ukurasa mmoja, kumweleza mtu sababu, kumngojea mbwa siku 10 na kumchanja jirani yake, yote hayo yana gharama ndogo kuliko kisiwa kilichorudiwa na maradhi kwa sababu watu wake waliacha kuwaamini watumishi wao. Ni matumaini yetu kwamba Serikali na wananchi watalitazama jambo hili sasa, wakati nafasi ya kupanga ipo, pasipo kungoja siku ambayo mtoto ameumwa, mtaa umehamaki, na kila mtu anataka uamuzi kabla ya jua kuzama.